Chatu Alimuua Ngurumo Haraka Mno

Kila mtu aliyefanya KCSE miaka yetu anamjua Mamapima. Katika tamthilia ya Kigogo ya Pauline Kea, pombe yake inapofusha wengine na kuua wengine, na Ngurumo, mlevi wa kupigiwa mfano, anauawa na chatu. Mwalimu wetu alisema chatu ni utawala wa Majoka. Tukaandika hivyo, tukapata alama zetu.

Bado naipenda tamthilia hiyo. Kea alithubutu kuonyesha kwamba pombe haramu ina kibali, na anayetoa kibali ana jina. Lakini nimeisoma tena mwaka huu hapa Kibera, na kuna kitu kinanikera: huyo chatu ana haraka. Mlevi anakufa mara moja, siasa inaendelea. Ini haliui hivyo.

Mjomba wangu aliishi Kawangware, karibu na 56. Alianza kuyumba mchana, kusahau leo ni siku gani, ulimi mzito. Mtaa ulishaamua: huyu ni wa chang'aa. Vijana wa stejini walimwita Ngurumo, na mimi, msomi wa familia niliyeacha chuo mwaka wa pili, nilicheka nao.

Mjomba hakuwahi kuonja pombe. Alikuwa na homa ya ini aina ya B, pengine miaka mingi bila kujua. Alizaliwa kabla chanjo yake haijaanza kupewa watoto wachanga nchini. Ini likajaa makovu, likashindwa kusafisha damu, sumu ikapanda hadi kwenye ubongo. Daktari alimpa laktulosi, dawa tamu kama sharubati inayokupeleka choo mara kwa mara ili sumu itoke. Baada ya siku chache aliyakumbuka majina yetu yote. Langu pia.

Figo zikifa kuna mashine ya kusafisha damu, na hata Kenya figo hupandikizwa. Ini halina mashine ya kukushikilia kwa miaka. Tangu Thomas Starzl alipojaribu kule Denver mwaka 1963, tiba ya ini lililoshindwa kabisa imekuwa ini lingine. Mtu mzima mwenye afya anaweza kutoa kipande, na lake likakua tena. Binti ya mjomba alijitolea. Kilichokosekana ni pesa za India, nauli na bili. Tulichanga kwa M-Pesa hadi simu zikanyamaza.

Kwa hivyo nikisoma walevi wa fasihi yetu siku hizi, nauliza: mbona kila mara ni kichekesho au funzo? Kosa si la Kea peke yake. Sisi wasomaji tulizoeshwa kuusoma mwili wa maskini kama fumbo lenye jibu moja, na jibu tukatoka nalo darasani hadi mtaani. Kiswahili chenyewe kina huruma kutuzidi. Jambo likituumiza sana, tunasema limetukata maini. Waliotuachia usemi huo waliweka uchungu pale ambapo sisi tumeweka aibu.

Nataka tamthilia ambamo Ngurumo anachukua miezi saba kufa. Chupa ya laktulosi iko mezani, binti yake anahesabu michango, na hadhira haijaambiwa kama alikunywa.

Na kama alikunywa, basi nini?