Likabati Halipiti Mlangoni: Juu ya Sifa ya Vitu Visivyo na Umbo Jema

Katika daftari la mwanafunzi mmoja wa Songea, ambalo nilipewa nilisome, palikuwa na zoezi la kutunga sentensi juu ya kitu kikubwa kisichokaa vyema mahali pake. Mwanafunzi aliandika: "Likabati lile halipiti mlangoni." Mwalimu akapiga mstari mwekundu chini ya neno la kwanza, na juu yake akaandika "Kabati kubwa". Kwa kipimo cha Kiswahili sanifu mwalimu hakukosea. Lakini sentensi iliyosahihishwa haisemi tena jambo alilolisema mtoto. Kabati laweza kuwa kubwa likapendeza na kuenea chumbani. Likabati ni lile linalowashinda wabebaji, linalokwaruza ukuta, wala hapana pembe ya nyumba inayolikubali.

Tukitafuta neno moja la sifa, au kivumishi kama kisemwavyo siku hizi, kwa kitu cha namna hiyo, hatulipati. Yapo mengi yaliyo jirani yake. Neno -zito hutaja uzani, na likisemwa juu ya mkono au ulimi hutaja kuchelewa kwake. Kombo ni habari ya kupinda. Goigoi humfaa mtu aliyelegea, na shaghalabaghala ni mambo yaliyovurugika mpango, si umbo la kitu. Dubwana lakaribia zaidi, ila lenyewe ni jina na si sifa. Orodha za maneno wanazopewa wanafunzi aghalabu huyapanga haya kwa mkato, moja baada ya jingine, kana kwamba lolote laweza kukaa mahali pa mwenziwe. Mwanafunzi mtiifu akiifuata orodha ataandika "kabati goigoi", na darasa zima litacheka kwa haki.

Wako wanaosema kuwa huu ni upungufu wa lugha. Sikubaliani nao. Kiswahili hakikuiweka sifa hii katika neno la pekee kwa sababu kiliiweka ndani ya jina lenyewe. Bi. E. O. Ashton, katika sarufi yake iliyotoka mwaka 1944, alizieleza ngeli kwa fikra zilizomo ndani yake, na njia hiyo ndiyo inayotufaa hapa. Mtu akawa jitu, mbwa akawa jibwa, nyoka akawa joka, mguu ukawa guu, kikapu kikawa kapu. Asemaye "guu lake" hana haja ya kuongeza neno; ukubwa na ubaya wa umbo vimekwisha kusikika.

Lakini maneno nayo huchakaa. Nyumba ilipokuwa jumba, yamkini palikuwa na dharau ndani yake. Leo twasema jumba la makumbusho kwa heshima kamili, na mgeni afikaye Songea kutazama Makumbusho ya Taifa ya Majimaji hatadhani kwamba jengo linatukanwa. Jiji limetoka katika mji na kupewa cheo cha serikali. Lango ni mlango uliopandishwa daraja. Kwa hivi msemaji anayetaka kuonyesha kuwa kitu kimezidi kiasi hukuta chombo cha zamani kimekuwa butu, naye hushika kingine: lijitu, lidude, ligari, lijumba. Tazama kwamba katika lijitu kiambishi kipya kimepandishwa juu ya ji- ya kale, ambayo haikuondolewa. Mimi naona hiyo ni dalili kuwa ji- imehesabiwa kuwa sehemu ya shina, na kazi yake imekwenda kwa mwingine.

Li- hii husikika mahali pengi bara, wala Songea haina haki ya kuidai kuwa yake peke yake. Ila hapa imekuta udongo ulio tayari. Kingoni, Kimatengo cha Mbinga na Kiyao cha Tunduru vyote vina li- mwanzoni mwa majina ya ngeli hii; ngoma mashuhuri ya Wangoni yaitwa Lizombe, na Myao humwita simba lisimba bila kumtukana. Mtoto wa Songea huingia shuleni akiwa na li- mdomoni. Huko hufundishwa kuwa ngeli hiyo yaitwa LI-YA, kisha hukatwa alama akiitia li- hiyo katika jina! Sababu ipo, maana jina la ngeli limetokana na upatanisho wa kitenzi. Lakini sababu hiyo haina budi kuelezwa, nayo haielezwi kwa kalamu nyekundu.

Pingamizi moja lina nguvu. Li- ni nyundo, haichagui. Juu ya kabati haina madhara. Juu ya mtu ni jambo jingine. Asemaye "jitu yule ameingia" amemkuza mtu na kumwachia uhai wake. Asemaye "lijitu lile limeingia" amemhamisha utu wake na kumweka pamoja na mawe na magogo. Mwandishi wa hadithi ajue atendalo, na mwandishi wa barua kwa Mkuu wa Wilaya aiache kabisa. Lakini mipaka hiyo ni ya matumizi, na matumizi hufundishwa. Ningependa Kamusi ya Kiswahili Sanifu, iliyotoka mara ya kwanza mwaka 1981, iipe li- hii nafasi ya kutosha, na alama ya kuonyesha kuwa ni ya mazungumzo.

Wala isidhaniwe kuwa ni utelezi wa ulimi usio na kanuni. Sifa huifuata: kwa sanifu ni "kabati kubwa", sifa ikiwa haina kiambishi, lakini msemaji wa li- husema "likabati likubwa". Hata wingi una njia yake. Sanifu yataka majitu na madude. Mitaani wasema mijitu na midude, kwa mi- ambayo jitu halikupata kuwa nayo. Kabati lililokwama katika daftari lile lilikuwa moja. Yangalikuwa mawili, nadhani mtoto yule angaliandika mikabati, na mstari mwekundu ungalipita tena.