Podo katika Kamusi

Mshale umepata haki yake katika kamusi za Kiswahili: uti wake huitwa wano, na ncha yake chembe au kigumba. Lakini podo, au ziaka, chombo kiuchukuacho mshale huo, limebaki jina tupu. Kamusi iliyosimamiwa na Frederick Johnson na kupigwa chapa mwaka 1939, na hata Kamusi ya Kiswahili Sanifu ya mwaka 1981, humweleza msomaji kazi ya chombo. Hazimwonyeshi jinsi kinavyotengenezwa.

Na podo la ngozi si mfuko tu. Fundi huiloweka ngozi mbichi, huipara nyama, huiviringisha juu ya mti mwembamba na kuishona ingali maji. Ikikauka hujikaza, ikawa ngumu. Kifuniko nacho si pambo: huikinga sumu ya chembe na mvua, tena humkinga mchukuzi asichomwe.

Upungufu huu una chanzo. Kiswahili sanifu kilijengwa juu ya Kiunguja. Kimgao, usemi wa Kilwa na pwani ya kusini, kikaachwa pembeni. Hali nyuma ya Kilwa, katika vilima vya Umatumbi, ndiko vilikoanza Vita vya Maji Maji mwaka 1905, mikuki na mishale ikakabili bunduki za Wadachi. Chombo cha silaha hiyo chastahili zaidi ya maelezo ya mstari mmoja. Mtunga kamusi na akae karibu na fundi, aandike kila kitendo kwa jina lake, kabla fundi hajaondoka na maneno yake.