Mnyampala na Mila za Wagogo

Marehemu Mathias Mnyampala (1917–1969), Mgogo wa Dodoma, ajulikana zaidi kwa mashairi na ngonjera zake. Lakini alikuwa pia mtu wa mahakama, na kitabu chake, Historia, Mila na Desturi za Wagogo wa Tanganyika (1954), chastahili kupimwa kwa mizani ya sheria. Sifa yake kuu ni kwamba mwenyeji ndiye asemaye, zama ambazo mila ziliandikwa zaidi na watumishi wa serikali ya kikoloni, kama Hans Cory.

Shida i katika lugha. Kiswahili husema “mahari”. Katika sheria ya Kiislamu mahari ni mali ya mke mwenyewe. Ng’ombe wa ndoa ya Kigogo hugawiwa jamaa zake. Hakimu asomaye neno hilo bila kujua mila yaweza kumpotea haki ya mjomba au ya ndugu. Jambo hili lilizidi uzito mwaka 1963, serikali ilipotangaza sheria za mila kwa maandishi. Kwa hiyo kitabu hiki na kishikwe kama ushahidi wa shahidi mwaminifu, hukumu haimo.