Shoveli Kongwe na Upande Wake Mnyonge

Dereva alikuwa akisukuma liva zote mbili mpaka mwisho, lakini mashine ikijivuta kushoto. Mwenye mali alikwishaambiwa anunue pampu mpya.

Ni ile shoveli ndogo ambayo mafundi wengi huiita bobkati, hata ikiwa ya kampuni nyingine. Haina usukani. Tangu M-400 ya Melroe, Marekani, mwaka 1960, mashine za aina hii hukata kona kwa kutofautisha mwendo wa magurudumu ya kushoto na ya kulia. Katika hii yetu kila upande una pampu na mota yake ya haidroliki, na mota huvuta magurudumu mawili kwa cheni zilizozama kwenye oili. Kwa fundi asiye na geji, hiyo ni bahati kubwa: upande mzima ndio kipimo cha upande mgonjwa.

Tulishusha ndoo, tukaikalisha chesisi juu ya magogo hadi matairi yote yakaelea. Magurudumu mawili ya kushoto yalizunguka, ila polepole. Cheni ingekuwa imekatika, moja lingesimama. Tukazima injini, tukatoa presha, tukahamisha mipira: ya pampu ya kushoto ikaenda mota ya kulia, na ya kulia ikaja kushoto. Unyonge ukahamia kulia. Basi mota zilikuwa salama. Kasoro ilikuwa kwenye pampu, au kabla yake.

Hapo wengi hutoa pesa. Lakini pampu iliyolika ndani huvujisha zaidi oili ikipata moto na kuwa nyepesi. Mashine huamka na nguvu, ikachoka adhuhuri. Hii ilikuwa nyonge asubuhi na mchana vilevile. Nikaingia chini na tochi, injini imezimwa, msaidizi akasukuma liva. Liva ilifika mwisho, mkono wa pampu haukufika. Pini ya kiungo cha fimbo inayotoka kwenye liva ilikuwa imeliwa, na tundu lake limekuwa na umbo la yai. Tungeanza na tochi, tusingemwaga hata tone la oili. Fundi wa kerezo alichonga pini na bushi, tukarekebisha urefu wa fimbo, mashine ikanyooka.

Kwa spea nyingine, jina la mashine lisikutishe. Beringi 6205 ni milimita 25 kwa 52 kwa 15, itoke kiwanda chochote. Sili hutafutwa kwa kipenyo cha ndani, cha nje na unene. Cheni namba 80 ina milimita 25.4 kutoka pini hadi pini. Bobcat 743 ilifungwa injini ya Kubota V1702, kwa hiyo dukani taja injini, si shoveli. Na namba hizo zipige picha kabla hujapitisha brashi ya waya, maana zikifutika, muuzaji atakupa spea ya kubahatisha.