Jaa la Vigae

Mjini Roma, karibu na ukingo wa mto Tiber, kuna kilima ambacho hakikuumbwa, kilitupwa. Kina kimo cha mita 35 hivi, kukizunguka kwa miguu ni karibu kilomita moja, na majani yameota juu yake kama kilima kingine chochote. Ukikichimba hukutani na mwamba. Unakutana na vigae, vigae juu ya vigae: mitungi ya mafuta ya zeituni iliyovunjwa, ikapangwa tabaka kwa tabaka na kunyunyiziwa chokaa ili kupunguza uvundo. Wenyeji wanakiita Monte Testaccio. Kwa Kiswahili, ni jaa.

Sisi tunaotumia dumu la mafuta mpaka lipasuke tutauliza: mbona walitupa mitungi mizima? Udongo ulikuwa umenyonya mafuta, na mafuta yakachacha humo humo. Mtungi mtupu ulikuwa na uzito wa kilo 30 hivi, na mingi ilitoka Baetica, kusini mwa Hispania. Kuirudisha ilikuwa hasara tupu.

Wengi wakisikia akiolojia ya Kirumi huona mahekalu na sanamu za marumaru. Mimi humkumbuka Heinrich Dressel, Mjerumani aliyezaliwa Roma mwaka 1845, aliyeshirikiana na Theodor Mommsen katika ule mkusanyo mkubwa wa maandishi ya Kilatini. Katika miaka ya 1870 Dressel alilipanda jaa hilo, akaanza kulisoma.

Kulisoma, nasema, kwa maana yake halisi. Shika kigae cha mtungi. Kimejaa vumbi na chokaa. Mwenye papara angekisugua kwa brashi kitakate, na hapo angekuwa ameifuta barua yenyewe. Mwenye kuijua kazi hukiosha kwa upole, akakigeuzageuza mwangani mpaka wino ujitokeze. Juu kuna namba: uzito wa mtungi mtupu. Chini yake jina la mfanyabiashara. Kisha namba nyingine, uzito wa mafuta, mara nyingi karibu na ratili 216 za Kirumi, yaani kilo 70 hivi. Pembeni, karibu na mkono wa mtungi, karani ameandika mbiombio jina la mji wa ukaguzi, Hispalis au Corduba au Astigi, na pengine majina ya makonsuli wawili. Warumi waliutaja mwaka kwa makonsuli wake, kwa hiyo kipande hiki cha udongo kina tarehe.

Weka maelfu ya vipande hivyo kwa mfuatano, uone. Kwa miongo kadhaa pale katikati huandikwa majina ya wafanyabiashara. Halafu, katika utawala wa Septimius Severus, yanatoweka, na mahali pake panaandikwa kaizari na wanawe. Severus, mzaliwa wa Leptis Magna katika Libya ya leo, alimshinda mpinzani wake Clodius Albinus huko Lugdunum mwaka 197, akataifisha mali za waliomuunga mkono mpinzani huyo, zikiwemo zile za Hispania. Wanahistoria wengi huona kwamba wino wa mitungi unaonyesha dola ikiingiza mkono wake kwenye biashara ya mafuta.

Hapa ndipo ninapoipenda kazi hii kwa moyo wote. Cassius Dio aliandika historia ya zama hizo akijua atasomwa, naye alikuwa na watu wake na chuki zake. Karani wa Astigi hakutuwazia kabisa. Alimwandikia mpima mizani wa bandari inayofuata, na kwa sababu hiyo naliamini sana neno lake.

Lakini neno hilo halipatikani kwa bei ndogo. Kinahitajika Kilatini, tena Kilatini cha makarani chenye herufi zilizokatwakatwa. Inabidi kujua kuchora kigae, upande mmoja sura yake ya nje, upande wa pili unene wa ukuta wake. Inabidi kuvumilia. Mwanaakiolojia Emilio Rodríguez Almeida alirudi kwenye jaa hili karibu karne nzima baada ya Dressel, na tangu 1989 timu ya Kihispania iliyoanzishwa na José María Blázquez na José Remesal imechimba humo msimu baada ya msimu.

Ujuzi huo umefika hadi kwetu. Mortimer Wheeler, aliyechimba miji ya Kirumi Uingereza, alikwenda Arikamedu, India, mwaka 1945, akavitumia vyombo vyekundu vya Italia kupata umri wa mji huo. Miaka kumi baadaye alitembea pwani kati ya Dar es Salaam na Kilwa, akastaajabia wingi wa vigae vya kauri ya Kichina vilivyotapakaa. Alikwishajua kwamba vigae ni kalenda.

Mwaka 1899 Dressel alichapisha jedwali la maumbo 45 ya mitungi, kila umbo na namba yake. Ule mtungi mnene wa mviringo kutoka Baetica ulikuwa wa ishirini. Leo mwanafunzi yeyote anayeinua kipande chake kutoka kwenye udongo, awe Roma, Ujerumani au Uingereza, humwita mwenzake na kusema: Dressel 20.