“Tujisahihishe”: Kijitabu Kinachosomwa Nusu

Makada wengi, hata hapa Mitundu, hukitaja kijitabu cha Mwalimu Nyerere, “Tujisahihishe” (1962), wanapotaka mwenzao akosolewe. Huko ni kukisoma nusu. Kiini chake ni kwamba hoja ipimwe kwa uzito wake, asitazamwe msemaji. Mwaka 1991 Tume ya Jaji Nyalali ilikuta takriban asilimia 80 ya waliotoa maoni wakitaka chama kimoja. Hata hivyo, 1992 hoja ya wachache ndiyo iliyofuatwa.

Upungufu wa kijitabu ni kwamba kiliwalenga wana-TANU wenyewe kwa wenyewe. Je, mpinzani akikosoa, kada humjibu hoja au humwita adui? Zanzibar, CCM na CUF walitia saini Muafaka Oktoba 2001. Wafu wa maandamano ya Januari walikuwa wamekwisha kuzikwa.