Maharagi ya chuma ni mazuri, lakini tumbo limesahauliwa



Sisi maagronome tunapenda sana kutaja utafiti mmoja wa Rwanda. Kule Huye, wanafunzi wanawake wa universite, miaka 18 mpaka 27, wote wakiwa na chuma kidogo mwilini, walikula maharagi kila siku kwa siku 128. Kundi moja lilikula ya kawaida, yenye karibu miligramu 50 za chuma kwa kilo. Lingine lilikula yenye karibu 86. Matokeo yalitoka 2016: damu ya kundi la pili ilipanda zaidi. Mwaka 2017 watafiti wakaonyesha kwamba hata kumbukumbu na umakini wao viliongezeka.

Ni kazi ya maana, sababu inapitia chakula chenye tunakulaka tayari. Ukosoaji wangu uko juu ya namna tunavyoisoma. Mashambani inasemwaka tu: «Kula haya, damu itapanda, kichwa itafunguka.» Utafiti haukusema hivyo kwa kila mtu.

Kwanza, wale wanafunzi walichaguliwa kwa sababu ya chuma kidogo, si kwa sababu ya ugonjwa wa tumbo. Mtu mwenye vidonda vya utumbo vya muda mrefu anapoteza damu chooni. Tena utumbo ukiwaka, ini linatoa homoni inayoitwa hepsidini, na hiyo inazuia chuma kuingia kwenye damu. Maagronome tunajua hali hiyo: kwenye udongo wenye asidi kali, fosfore iko, lakini mmea hauipati. Hata ukiongeza sahani, mlango umefungwa.

Pili, kumbukumbu si moyo. Utafiti ulipima akili inavyofanya kazi, haukupima huzuni. Lakini ubongo unatumia chuma kutengeneza dopamini na serotonini, njo maana mtu mwenye chuma kidogo anaweza kuchoka, kukasirika ovyo, kukosa hamu. Hapa kwetu Eringeti, kisha miaka hii yote ya mauaji, mtu akisema «nimechoka na maisha», tunajibu haraka: «Ni mawazo ya vita.» Pengine ni kweli. Lakini nani anamuulizaka habari ya choo? Kuharisha kwa miezi kunaitwa «amibe» tu, na haya inamfunga kinywa. Vita na damu kidogo vinaweza kukaa katika mtu mmoja. Kushughulikia kimoja hakuondoi kingine.

Tatu, kipimo. Feritini, inayoonyesha akiba ya chuma, inapanda yenyewe mwili ukiwaka. Kwa hiyo OMS, mwaka 2020, iliweka mpaka wa 15 kwa mtu mzima mwenye afya, lakini 70 kwa mwenye uvimbe au maambukizi. Matokeo ya 40 yanaweza kumdanganya mgonjwa kwamba yuko sawa.

Tuendelee kugawa mbegu. Lakini kila mwanimatere aongeze maswali mawili, kando, bila watu kusikia: «Unaharisha tangu lini? Uliona damu kwenye choo?» Akijibu ndiyo, aende kwa daktari. Tembe za chuma zenyewe zinaweza kusumbua utumbo wenye vidonda, na kuna wagonjwa wanaohitaji chuma kupitia mshipa. Gunia la maharagi haliwezi kufanya kazi hiyo.

Wenzetu wa medesini na saikolojia, munasemaje?